Tuliouziwa gemu feki mtandaoni, Mtwara na Lindi: tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nina kibanda cha gemu Magomeni, Mtwara Mjini, mashine za PlayStation: PS2 tatu na PS4 moja. Mechi moja watoto wanalipa shilingi 200, kwa hiyo hela ya CD mpya naikusanya wiki kadhaa. Msimu wa korosho uliopita, vijana wana hela mkononi, nikaona niongeze gemu ya mpira ya PS4. Nikamkuta muuzaji Instagram, anasema yuko Kariakoo, picha safi, kava la bluu, limeandikwa FIFA 25. "Orijino kaka, haijafunguliwa." Elfu 85 pamoja na nauli ya basi. Nikatuma yote.

Mzigo ukafika siku ya pili, nikaufungulia palepale ofisi ya basi. Kava limechapwa kwa printa: nilivyolishika na jasho la mkononi, wino ukabaki kwenye dole gumba. Ndani kuna DVD ya kuchoma, tumbo la zambarau, juu imeandikwa kwa maka peni. Nyumbani PS4 ikaizungusha kidogo, ikaitema. Nampigia, hapatikani. Instagram kashanifungia.

Kinachoniuma ni kwamba gemu ya jina lile haipo. EA, kampuni inayoitengeneza, waliachana na jina la FIFA, ya mwisho ilikuwa FIFA 23. Tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Mtaani tunaita FIFA mpaka leo na hakuna ubaya, ila ukiliona jina hilo na namba 25 kwenye kava la PS4, ujue mtu kalitengeneza mwenyewe. Halafu CD ya PS4 ni Blu-ray, aina nyingine ya diski, siyo DVD. DVD ya kuchoma haichezi kwenye mashine ambayo mfumo wake haujaguswa, hata uifute mara kumi.

Sisi wa kusini umbali unatuponza. Mtu wa Temeke anarudi dukani na CD yake. Mimi nipande basi kilomita zaidi ya 500 kufuata elfu 85? Wanalijua hilo. Waliopigwa waseme, wengine wapone.

Mdau wa Masasi
Mimi niliuziwa PES 2025, ile gemu nyingine ya mpira, za PS2, CD kumi, nikauze. Mteja wa kwanza akarudi jioni hiyohiyo: mashine yake haina chipu ya kuchezesha kopi, ikaleta kioo chekundu cha kusema weka CD ya PlayStation. Nikarudisha hela yake. Baadaye nikaelewa, PES ya mwisho kutolewa kwa ajili ya PS2 ni PES 2014. Hizi zote za mbele ni gemu ya zamani, watu wamebadilisha majina ya wachezaji na jezi. Kwenye mashine yenye chipu inacheza vizuri tu, na wateja wanaipenda. Kosa la yule jamaa ni kuniambia orijino na kunitoza bei ya orijino.

Mdau wa Lindi Mjini
Hapo kwenye "inacheza vizuri" mkuu sikubaliani. Kopi za kuchoma zinaitesa lenzi. Nimeshabadilisha mbili.

Mama wa Nachingwea
Mimi sichezi, nilimnunulia mwanangu. Yuko darasa la sita, mjomba wake alimwachia Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo, akawa anataka gemu ya Pokémon Emerald. Nikaagiza mtandaoni. Kacheza karibu mwezi, kila jioni ananisimulia kafika wapi. Asubuhi moja kawasha, hakuna kitu, mchezo unaanza upya. Alikaa na ile mashine mapajani anazima anawasha, hasemi neno. Fundi akaigeuza kaseti akanionyesha: skrubu ya nyuma ni ya msalaba, wakati ya Nintendo ina pembe tatu. Pale juu ya meno ya shaba, ndani, kwenye halisi unasoma neno Nintendo. Ile yetu hamna. Kumbe feki nyingi hazishiki kumbukumbu. Wazazi wenzangu, angalieni skrubu kabla mtoto hajaipenda.

Mdau wa Kilwa Masoko
Pole sana mama. Mimi sikuuziwa CD, niliuziwa akaunti. Unapewa barua pepe na nywila, unashusha gemu, unacheza. Wiki ya tatu nikaona alama ya kufuli kwenye picha ya gemu. Jamaa kabadilisha nywila, na najua akaunti ileile kaiuza kwa wengine. Hiyo huna hata cha kumpelekea polisi mkononi.

Mdau wa Newala
Picha za mazungumzo na ujumbe wa muamala ni ushahidi kaka, usifute. Mimi kabla ya kulipa nataka video: CD inaingia kwenye mashine, pembeni karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo. Wawili walikataa, nikawaacha. Wa tatu akakubali, CD ninayo mpaka leo.

Mwenye uzi
Asanteni wote. Mama wa Nachingwea, umeniliza. Namba ya tapeli ripotini kwa kutuma kwenda 15040. Na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, kwa hiyo tusikae kimya tukidhani gemu ni mambo ya watoto.

Siku hizi namtumia mdogo wangu anayesoma Dar. Anaenda dukani, wanaichomeka palepale, ananipigia simu ya video, na mpaka nione menyu imefunguka ndipo natuma hela. Ila anamaliza chuo mwaka huu. Mwenye kumjua muuzaji mwaminifu hapahapa Mtwara au Lindi, mtu mwenye fremu inayojulikana ilipo, naomba aniandikie.