Nafufua go-kart ya zamani, nifunge injini ya pampu au ya pikipiki?

BabaJunior_A
Wakuu habari za saa hizi. Nimepata fremu ya go-kart (kigari kidogo cha mbio cha mtu mmoja) ilikuwa imelala stoo ya jamaa mmoja hapa Arusha miaka mingi tu, haina injini, tairi zimekauka zimepasuka na braki haishiki kabisa, ila ekseli inazunguka vizuri. Ni zile za mbio kabisa, ziko chini, hazina shokapu hata moja. Nataka niifufue tucheze na kijana wangu wa miaka 14, kuna uwanja wa lami umezungushiwa ukuta tumeruhusiwa kuutumia jumapili. Sasa fundi wangu wa pikipiki anasema tufunge injini ya Boxer 150 maana spea zipo kila kona, mwingine ananiambia nichukue ya pampu ya maji, zile za Honda GX200 au za kichina zinazofanana nayo. Na fundi wa kuchomelea anataka aongeze vyuma pembeni fremu iwe ngumu. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Spana13
Mkuu hongera, usiiachie hiyo fremu. Mimi ni mtu wa Boxer, ina nguvu zaidi ya mara mbili ya hiyo ya pampu, ina gia, na ikizingua fundi yeyote wa bodaboda anaifungua mtaani kwako. Ile ya pampu ni kelele tu mwendo hamna.

FundiGerezani
Spana13 kwa nguvu hujakosea, ila angalia na anayeendesha, mtoto wa miaka 14 hahitaji gia kwa kuanzia, na injini ya pikipiki inapozwa na upepo wa mwendo, ukiificha nyuma ya siti kwenye uwanja mdogo itachemka. GX200 ina feni yake kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini), inajipuliza hata ukisimama. Ina cc 196, kilo kama 16, na hiyo fremu ilitengenezwa kubeba injini ndogo kulia kwa siti, kwahiyo unakaribia kufunga tu bila kukata kitu. Shafti itazame kushoto, huko siti iliko, vinginevyo go-kart itarudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Ila kaka kabla hujalipa iangalie shafti kwa macho yako. Injini iliyotoka kwenye pampu mara nyingi shafti yake ina nyuzi za kufungia pampu, na ya jenereta inachongoka mbele. Klachi ya go-kart inataka shafti iliyonyooka yenye mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia klachi isiteleze kwenye shafti), saizi inayopatikana sana ni robo tatu ya inchi, zipo pia za milimita 20 na hazivaliani. Nenda na kalipa ya kupimia, usimsikilize muuzaji akikwambia zote sawa.

BabaJunior_A
Asante sana fundi, hapo kwenye shafti ningepigwa. Na sproketi je? Iliyopo ina meno madogo madogo sana, cheni ya pikipiki haiingii.

FundiGerezani
Hiyo itakuwa ya cheni namba 219, ndiyo ya go-kart za mbio. Klachi za 219 zipo ila mara nyingi ni za kuagiza, ukikosa badili sproketi ya ekseli uweke ya cheni namba 35. Klachi ya meno 12 na ekseli meno 72 inakupa sita kwa moja, kwa tairi ya inchi 11 na injini ikizunguka mara 3600 kwa dakika utapata kama kilomita 32 kwa saa. Ukiweka 60 utafika 38. Anza na 72, klachi nayo haitaungua haraka. Na gavana, kile kidhibiti cha mzunguko wa injini, usiitoe hata mkikolea, flaiwili ya chuma cha kalibu ikizungushwa kupita kiasi inaweza kupasuka, na hapo iko usawa wa kiwiko cha mtoto.

Dereva_Nbo
Sasa hiyo maneno ya kuongeza vyuma, tafadhali usikubali. Mimi niko Nairobi nacheza na hizi kart, na hapo ndipo watu wanaziua. Kart haina difrensho (gia za kuacha tairi mbili zizunguke kwa mwendo tofauti), tairi mbili za nyuma zimefungwa ekseli moja, so kwa kona lazima ile ya ndani inyanyuke kidogo ama zote zinaburuza. Fremu ndio inafanya hiyo kazi, inajipinda kidogo ikiinua tairi. Ukiikaza haitaki kugeuka, inaenda straight na usukani umepinda wote.

Fremu ilale kwa sakafu ya simiti, uvute kamba kutoka kingpini (pini ya kugeuzia tairi) ya kushoto mbele hadi beringi ya kulia nyuma, halafu upande ule mwingine. Zikitofautiana sana imepinda. Piga msasa kwa jointi zote hasa za siti na beringi za ekseli utafute ufa, chomelea ufa peke yake.

Spana13
Hapo kwenye ekseli nimeelewa, nakubali. Boxer ibaki kwa fremu ya kujitengenezea.

Dereva_Nbo
Na braki ndio ya kwanza kabla injini, mzee. Ziko disk moja tu nyuma kwa ekseli, hakuna zingine. Raba za masta silinda (pampu ya braki) na za kalipa ya braki zikikaa miaka bila kutumika zinakufa, badilisha zote, na oili ya braki uweke ile imeandikwa kwa kifuniko cha masta silinda.

BabaJunior_A
Basi nimeshamwambia wa kuchomelea asubiri. Wiki hii nafungua braki, injini baadaye. Kalipa ya kupimia shafti ninayo.