Kesi ya kompyuta nusura iwe kesi ya polisi: fundi wa vioo kanivunjia kioo na bado ataka nimlipe

Wadau salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mimi leo nshachoka lazima niseme.

Jumamosi nimesimama mbele ya fundi wa vioo huku Majengo Mombasa, viatu vimejaa punje za kioo, na mtu mzima na ndevu zake yuaniangalia usoni aniambia, "Kijana, kioo chako kilikuwa na ufa." Ufa! Kioo cha sanduku la kompyuta yangu, nilichokitoa Likoni nimekifunga taulo na blanketi la mtoto juu yake, nikakivusha feri saa kumi na moja jioni ule msukumano mnaoujua, mbele mkokoteni wa maembe, nyuma mama na ndoo ya samaki, mie nimekikumbatia kama mtoto wa siku arubaini, hakikupata hata mkwaruzo wa ukucha. Halafu kikae sekunde mbili mkononi mwa "fundi wa miaka ishirini" ndio kipatikane na ufa wa kuzaliwa nao.

Ngoja nianze mwanzo ndio muelewe hasira zangu.

Mie si fundi. Nilinunua kompyuta ya mtumba, zile zinakuja kutoka Uingereza zimetumika maofisini, mashine yenyewe safi lkn sanduku lake baya, jeusi limefubaa, kama kabati la faili. Nikasema hili sanduku ntalitengeneza mwenyewe, nilipake rangi, nitoboe tundu la feni juu, nitie kioo ubavuni nione vitu ndani, na taa kidogo. Kitu cha kunipotezea muda wikendi badala ya kukaa kibarazani kubishana mpira. Nalisema sanduku kwa sababu hapa mtaani kila mtu yualiita sipiyu, na mamangu nikimwambia nabadilisha kesi aniuliza nimeshtakiwa wapi.

Sasa kila nilipokwenda kuuliza, kila mtu ni "hiyo rahisi sana". Kila mtu! Wa kusema sijui alikuwa mmoja tu, huyo ntamfikia.

Duka la hadweya, namuuliza kijana wa kaunta nataka kupaka bati la kompyuta, nianze na nini. Hata hajafikiria, ashanishushia mkebe wa redoksaidi, ile nyekundu ya mageti, na kopo mbili za spray juu yake. Namuuliza hizi zaenda pamoja? "Zote rangi, zaenda." Nikapiga msasa namba 400, nikapaka hiyo nyekundu na brashi nikiwa juu ya paa la nyumba, nikangoja siku nzima, nikaona nimengoja sana. Kesho yake nikapuliza spray. Dakika tano tu wallahi naiona rangi yainuka, yajikunja, ubavu mzima ukawa kama ngozi ya vidole ukikaa baharini toka asubuhi. Kumbe redoksaidi ni ya mafuta, yachukua siku nyingi kukauka mpaka ndani, na ile spray ina thina kali, ikifika juu yaila ile ya chini na kuivuruga. Kwa sanduku wataka praima (rangi ya kutangulia chini) ya spray, jamii moja na rangi yenyewe, na upulize kidogo kidogo, ungoje kama dakika kumi mpaka kumi na tano kila mkono wa rangi. Na usipulize siku imetoka kunyesha na hewa imejaa maji, maanake rangi yakauka na ukungu mweupe juu kama imepakwa unga. Hapa Mombasa siku kavu utaitafuta kwa tochi, mie nilikuja kuivizia saa sita za mchana, jua kali na upepo kidogo.

Upepo nao ukanitia hasarani. Sikuangalia kamba ya jirani. Leso zake mpya, pea nzima, zimepata vidoadoa vyeusi upande mmoja. Hiyo ni makosa yangu, simlaumu mtu, niliteremka mpaka Biashara Street nikamnunulia nyingine na bado hanisalimii vizuri.

Taa nazo ntazipitia haraka kwa sababu nikikumbuka presha yapanda. Nilinunua ule ukanda wa taa za rangi rangi, shilingi 450, mwenye duka aniambia nichukue umeme kwenye ile plagi ya waya nne ndani ya mashine, "shika ya njano na nyeusi". Nikashika ya njano na nyeusi. Ya njano ni volti 12, nyekundu ndio volti 5, na ukanda wenyewe umeandikwa 5V pale mwisho kwa herufi ndogo kama za dawa. Uliwaka vizuri sana, vizuri kupita kiasi, kisha harufu, kisha basi. Nimerudi aninyooshea kidole ukutani, "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi". Hiyo karatasi kwenye haya maduka yetu ndio sheria ya nchi, ile ya kulinda watumiaji ya 2012 haijavuka daraja la Nyali.

Haya, kioo.

Binamu yangu Likoni alikuwa na sanduku la kisasa limevunjika miguu, ubavu wake ni kioo kizima, kizuri, cheusi kidogo ukikiangalia. Akaniuzia hicho kioo 2,500, bei ya undugu ati. Kimekuja na matundu manne kwenye pembe ya kufungia skrubu. Shida ni moja, matundu yake na sanduku langu yapishana kama sentimita moja na nusu. Nikawaza, si natoboa mengine manne pembeni tu.

Nikaenda kwa huyu mzee anatengeneza madirisha ya alumini na meza za vioo. Nikamwamkia vizuri, shikamoo ami, nikamwekea kioo mezani, nikamuuliza na hili nataka mlisikie vizuri kwa sababu ndio kiini cha uzi, nikamuuliza, "Ami, hiki kioo chatoboleka?" Akakigonga na ukucha mara mbili. Akakiinua kwenye mwanga. Akasema, "Dakika kumi. Mia na hamsini tundu moja." Mia sita yote, nikampa mia tatu za kutangulia.

Kijana wake akaja na chupa ya maji aliyoitoboa kifuniko, amwagia tone tone pale biti ya drili inapozunguka ili pasipate moto. Mzee akaiweka drili, akakandamiza polepole, ukweli mkono wake ni mzuri, natazama nasema hapa nimepata fundi. Unga mweupe ukaanza kutoka pamoja na maji, kiduara kikajichora kama cha sarafu ndogo. Kisha bila hata kupiga ukelele wa ufa, PA! Si kupasuka ukaona vipande viwili vitatu, la, kioo kizima kimekuwa punje, kama mtu kamwaga gunia la chumvi ya mawe. Mezani, chini, kwenye chai ya kijana. Mzee amebaki ameshika drili hewani yazunguka.

Kimya. Halafu ndio hiyo ya ufa.

Na aliposema ufa nikakubali kidogo! Nilirudi nyumbani najilaumu labda kwenye feri nilikigonga mahali. Usiku ndio nikasoma. Hicho ni kioo cha tempa. Hupashwa moto kupita digrii 600 kisha chapulizwa hewa kwa ghafla, nje kunakuwa kugumu kabla ya ndani, ndani nako kukipoa kwataka kusinyaa lakini nje kushakataa, kwa hivyo kioo chaishi maisha yake yote kimejikaza kama ngoma iliyowambwa. Ndio maana kina nguvu, ndio maana kikivunjika hakikukati vibaya, ni kama vioo vya milango ya gari, si kile cha mbele. Lakini ukishakitempa hukikati na hukitoboi, matundu yote hutobolewa kabla hakijaingia tanurini. Hata uwe na biti ya almasi na mkono wa malaika. Na vingi huwa na kichapa kidogo kwenye pembe cha kukujulisha. Changu kilikuwa nacho! Nilidhani ni nembo ya kampuni tu.

Sasa mtu wa kazi yake ni vioo, kila siku yuafunga milango ya vioo kwenye maduka, hajui hili? Na kama hajui, si aseme? "Mwanangu hii aina siijui." Maneno manne. Ningemshukuru, ningebeba kioo changu nikaondoka.

Maanake yule wa kuchomea vyuma karibu na Mwembe Tayari alisema. Nilimpelekea sanduku anikatie tundu la feni juu, feni ya milimita 120, nilishachora duara kwa bikari na alama nne za skrubu, milimita 105 kutoka moja mpaka nyingine. Yeye akauliza kwanza ndani kuna nini. Nikamwambia kila kitu kipo. Akanirudisha! "Katoe vyote, mimi kompyuta sizijui lakini najua huu unga wa chuma ukiingia kwenye waya za umeme ni moto." Nimeteta njia nzima kurudi nyumbani na tuktuk, lakini nilipolipeleka tupu akakata, akachukua sumaku ya spika mbovu akaipitisha ndani yote, ikatoka na ndevu za chuma mtu hungeamini. Mia mbili tu. Tundu halijakaa duara kabisa, limeenda yai kidogo, sijali, feni yafunika.

Narudi kwa mzee wa vioo. Jumatatu nimemwendea kistaarabu na simu mkononi nimsomee. Hakutaka kusoma. Akasema biti yake imeharibika ni 500, nimuachie mia tatu zangu zilizopo na nimuongeze mia mbili. Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Watu wakakusanyika, muuza kahawa akataka kutuamua, mimi sauti ikapanda, yeye akapanda, mtu akataja polisi, nikaondoka kabla sijasema neno la kujutia kwa mtu wa umri wa babangu.

Kuna aliyeniambia niende Mahakama ya Madai Madogo, wapokea mpaka milioni moja na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Madai ya kioo cha 2,500, nauli ya kwenda na kurudi yatoka wapi. Lakini nimechora hesabu nikaona ningeenda kwa raha ya kuona sura yake tu.

Kwa sasa nimechukua kipande cha perspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo, milimita 3 kwa wale wachora mabango, masalio, 400. Yakwaruzika ukiiangalia vibaya lakini yatoboleka, natoboa mwenyewe, utepe wa karatasi juu na drili mwendo wa konokono maanake ukiharakisha yayeyuka na kung'ang'ania biti. Tundu tatu nzuri, la nne limepasuka ukingo. Hilo ni langu.

NYONGEZA, leo asubuhi: Mzee kanipigia mwenyewe. Nikadhani yuaja na msamaha. Ana mteja Nyali ataka mlango wa bafu wa kioo utobolewe tundu la kishikio, na ataka nimwambie kile kichapa cha tempa huwa pembe gani. Nimemjibu kwa meseji anirudishie mia tatu zangu kwanza. Imesomwa saa tatu na dakika kumi. Saa hizi ni saa kumi.