Naomba ushauri: Najenga romu ya Galaxy S III mwenyewe, seva ya Jack inakataa kuamka

Mwana_Roysambu – Jumatano, saa mbili usiku

Wadau, hamjambo. Hii ni wiki ya tatu nahangaika na jambo moja na usingizi umenikimbia. Nina Galaxy S III ya zamani, GT-I9300, bado iko na Android 4.3, ambayo ndiyo ya mwisho iliyopewa na kiwanda. WhatsApp siku hizi haikubali tena Android 4, kwa hivyo nimeamua kuijengea romu, yaani mfumo mpya wa simu: LineageOS 14.1, ambayo ni Android 7.1, kutoka kwenye msimbo wenyewe. Msimbo nimeuvuta usiku nne mfululizo kwa waifai ya ploti. Laptopu yangu ina ramu giga 8, mfumo wa Ubuntu 18.04, na Java ya OpenJDK 8.

Kila nikianza kujenga inaenda vizuri kwa muda, halafu inasimama: hitilafu ya SSL, seva ya Jack haipatikani. Mara moja tu ilivuka hapo, na ikafa kwa sababu ramu iliisha.

Nahitaji imalizike kabla ya Jumapili. Tafadhali, mwenye kujua anisaidie.

Na swali dogo la pembeni: mchoro wa kufungua skrini utabaki ule ule baada ya romu mpya kuingia, au utaondoka?

Fundi_wa_Luthuli – saa mbili na dakika ishirini

Kijana, nimekaa Luthuli, kwenye maduka ya simu hapa Nairobi, miaka kumi na moja na S III nimezifungua hadi vidole vikazizoea. Ilizinduliwa London Mei 2012, na wakati huo mtu akiingia nayo kwenye matatu watu wote wanageuka. Mimi yangu niliinunua kwa pesa ya chama, mke wangu akakaa siku mbili bila kunisemesha. Lakini ile ni ramu giga 1. Hata ukiiwekea romu ya malaika, WhatsApp ya leo itaibana shingo. Panda mjini na pesa kidogo, uchague simu ya mtumba yenye Android 10. Hiyo S III iweke kwenye droo, ipumzike.

Terminali_ya_Umoja – saa mbili na dakika arobaini

Tuanze na swali aliloliuliza. Android 7 ilijengwa kwa Jack, kikompaila (programu ya kugeuza msimbo uwe kitu simu inachoweza kuendesha) ambacho Google walitangaza kukiacha mwaka 2017. Jack huendesha seva ndogo ndani ya mashine yako, na vipande vya kazi huongea na seva hiyo kwa TLS ya zamani, ile njia ya kufunga mawasiliano kwa siri inayoitwa pia SSL. Sasisho la OpenJDK 8 la Aprili 2021, yaani 8u292, lilizima TLSv1 na TLSv1.1. Hapo ndipo unapokwama, msimbo wako hauna kosa.

Fungua faili ya java.security ndani ya folda ya Java. Tafuta mstari wa jdk.tls.disabledAlgorithms, toa TLSv1 na TLSv1.1, hifadhi. Kisha uiue seva kwa `jack-admin kill-server` na uiamshe kwa `jack-admin start-server`.

Ramu: weka -Xmx4G kwenye ANDROID_JACK_VM_ARGS, tengeneza faili ya swap (ramu ya akiba kwenye diski) ya giga 8, na ujenge kwa nyuzi mbili tu, -j2. Itakwenda polepole lakini itafika. Na uandike `export LC_ALL=C` kabla ya yote, la sivyo programu ya flex itakuangusha kwenye Ubuntu hiyo.

Mchoro wa skrini tutauongea. Kwa nini unauulizia?

Uhuru_wa_Msimbo – saa tatu usiku

Nashangaa hakuna aliyetaja Replicant. Replicant 6.0 inaitambua I9300, na ni mfumo huru kabisa, hauna vipande vya siri vya kiwanda ndani yake. Ukishaamua kuchoka, chokea kitu safi. Waifai ya ndani haitafanya kazi bila kipande cha kiwanda, lakini uhuru una gharama zake.

Dada_wa_Pangani – saa tatu na robo

Replicant bila waifai, na yeye anataka WhatsApp? Ndugu yangu, hapana.

Mwana_Roysambu, nina maswali mawili. Kwanza, romu za S III zilizojengwa na watu tayari ziko, kwa nini ujenge yako? Pili, Jumapili kuna nini?

Mwana_Roysambu – saa tatu na nusu

Terminali, Mungu akubariki. Nimebadilisha ule mstari, seva imeamka! Najenga sasa hivi.

Dada, matoleo rasmi ya 14.1 yalisitishwa 2019, na yaliyobaki ni faili za watu nisiowajua. Simu hii itakuwa na laini ya M-Pesa na namba ya siri itapigwa humo. Siwezi kuweka pesa ya mama juu ya faili niliyookota. Nikijenga mwenyewe najua kilichoingia.

Jumapili mama anakuja kutoka Murang'a.

Dada_wa_Pangani – saa tatu na dakika arobaini

Ya mama? Ulianza kwa kusema «nina Galaxy S III ya zamani».

Terminali_ya_Umoja – saa tatu na dakika hamsini

Hofu yako kuhusu faili za kuokota ni ya haki, na naiheshimu. Lakini usichanganye mambo mawili. Romu uliyoijenga mwenyewe hakuna mtu aliyekuchomekea kitu, sawa. Hata hivyo 14.1 ni ya zamani, na mashimo ya usalama yaliyojulikana baadaye huenda hayajazibwa yote ndani ya msimbo ulioupakua. M-Pesa kwa *334# itafanya kazi. Apu ya benki nisingeiweka humo hata siku moja.

Swali muhimu zaidi: umechukua bakapu? EFS, ile sehemu ndogo ya hifadhi ya simu, umeihifadhi? Ndimo IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inamokaa, na ikiharibika laini haitashika mtandao tena.

Mwana_Roysambu – saa nne usiku

TWRP, ile programu ya kuingizia romu na kuchukua bakapu, nimeshaiweka kutoka kwenye laptopu kwa Heimdall tangu Jumatatu, na EFS nimeihifadhi sehemu tatu. Hilo nililisoma.

Data sitafuta. Nitaiweka romu juu ya ile iliyopo, bila kupangusa kitu. Nimeona mtu ameandika kwamba inawezekana. Ndiyo sababu niliulizia mchoro.

Terminali_ya_Umoja – saa nne na dakika tano

Simamisha mikono hapo hapo. Kutoka Android 4.3 ya kiwanda kwenda LineageOS ya Android 7.1 bila kupangusa data? Simu itazunguka kwenye nembo ya kuwaka hadi betri iishe. Aliyeandika hivyo alikuwa akitoka Lineage moja kwenda Lineage nyingine. Hifadhidata za mfumo, ruhusa za apu, mipangilio ya kiwanda, vyote vitagongana.

Sasa niambie ukweli. Ndani ya hiyo simu kuna nini usichotaka kifutike?

Mwana_Roysambu – saa nne na dakika ishirini na tano

Sawa. Nilitaka kulipitia hili kimyakimya lakini naona haliwezekani.

Baba alifariki 2019. Simu hii ni yeye alimnunulia mama. Alipokuwa akifanya kazi ya ulinzi hapa Industrial Area, alikuwa akimtumia mama sauti kwenye WhatsApp kila jioni, kwa sababu kuandika kulimchosha macho. Baada ya mazishi mama alikuwa akizisikiliza akimaliza kazi za shamba. Siku WhatsApp ilipokataa kufunguka, akaacha. Hakulalamika. Akaiweka simu chini ya mto.

Nilifikiri nikiweka Android mpya juu, WhatsApp mpya itaingia na kuzikuta zile sauti mahali pake. Mama anajua nimeichukua nibadilishe betri. Sikumwambia mengine kwa sababu angeogopa na kuninyima. Nimekusanya kila kitu, nimeshaweka TWRP, msimbo uko hapa, sioni sababu ya kurudi nyuma.

Mama_Boi – saa nne na dakika arobaini

Umemdanganya mamako kuhusu kitu cha marehemu babako. Kaa na hilo kwanza kabla ya kushika kompyuta.

Mpelelezi_Baridi – saa tano kasoro dakika kumi

Wadau, someni uzi huu kuanzia juu. Kwanza simu ni yake. Kisha ni ya mama. Kisha ina sauti za marehemu. Na tangu mwanzo anaulizia mchoro wa kufungua skrini. Kama ni ya mamake, kwa nini hajui mchoro? Simu ya mwaka 2012, betri haijavimba, na leo hii mtu anataka kuifungua bila mwenyewe kujua? Mimi naona simu iliyotoka mfukoni mwa mtu kwenye matatu, na hadithi imeshonwa ili tulainike. Terminali, usimpe neno zaidi.

Fundi_wa_Luthuli – saa tano usiku

Nisingependa kusema hivi, lakini aliletwa kwangu kijana mwaka fulani akilia, simu ya «marehemu dada». Nikaifungua. Baada ya wiki mwenye simu akaja dukani na askari wawili, yuko hai kabisa, na picha zake za mahafali zilikuwa bado kwenye mashine yangu. Nililala seli siku moja. Tangu hapo sifungui simu bila mwenyewe kusimama mbele yangu.

Uhuru_wa_Msimbo – saa tano na dakika tano

S III iliyoibwa haina thamani ya nauli ya kwenda kuiuza. Mwizi gani anajenga romu wiki tatu?

Mpelelezi_Baridi – saa tano na dakika saba

Mwizi anayetaka namba na picha za watu.

Mwana_Roysambu – saa tano na dakika ishirini

Hilo neno limeniuma. Nimetoa betri sasa hivi. Kwenye kibandiko cha ndani kuna maandishi ya kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa baba: «Mama Njeri, usiuze.» Njeri ni dadangu mkubwa. Picha siweki, IMEI iko pale pale karibu na maandishi.

Mchoro sijui kwa sababu sikuuliza. Nikiuliza, atajua si betri.

Terminali_ya_Umoja – saa tano na nusu

Nakuamini, lakini nitakueleza nilipo. Ipo njia ya kusoma faili za simu hiyo bila mchoro, na wewe unayo tayari mkononi. Sitaiandika hapa, kwa sababu kesho ataisoma mtu mwingine mwenye simu isiyo yake. Pia wewe huihitaji.

Sikiliza. Sauti za WhatsApp hazimo ndani ya WhatsApp. Ni faili za kawaida kwenye hifadhi ya simu: folda ya WhatsApp, kisha Media, kisha WhatsApp Voice Notes. Ndani kuna folda zenye majina ya mwaka na wiki, na ndani yake faili, nyingi zikiishia na .opus. Haziko chini ya kufuli lolote la WhatsApp. Simu ikifunguliwa kwa mchoro na kuchomekwa USB, unazinakili kama picha, na VLC inazicheza. Huhitaji Lineage wala Jack. Nakili folda nzima ya WhatsApp, pamoja na Databases. Akija kupata simu nyingine akiwa na laini ile ile, unaweza kujaribu kurejesha na maandishi pia.

Na kwa jina la Mungu, ndani ya TWRP usiguse Format Data. Kupangusa kwa kawaida huacha hifadhi ya ndani. Ile nyingine haiachi kitu.

Mpigie mama.

Dada_wa_Pangani – saa tano na dakika thelathini na tano

Mpigie sasa. Wazee wa shamba hulala mapema lakini simu ya mtoto huamka kuipokea. Mimi sauti ya nyanya yangu ilipotea na simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji, na sikuwa nimenakili hata moja. Hadi leo nikisikia mtu akisema «kajukuu» kwa namna fulani nageuka.

Mpelelezi_Baridi – saa tano na dakika arobaini

Tutaona kama atarudi.

Mwana_Roysambu – Alhamisi, saa saba na dakika kumi usiku

Nimerudi.

Nilimpigia. Nilimwambia yote, betri na romu na uongo. Alinyamaza kwa muda hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akanipa mchoro: unaanza juu kushoto, unashuka hadi chini, unakwenda kulia. Herufi L. Nilikuwa nimekaa na simu hii siku kumi na saba.

Nimeisimamisha ile kazi ya kujenga, nimeichomeka, nimefuata folda kama Terminali alivyosema. Zipo. Faili 143. Ya mwisho ni ya wiki mbili kabla hajalazwa.

Mama aliomba nimsikilizishe moja kwa simu, ile yoyote. Nikaweka laptopu karibu na maiki. Baba alikuwa anauliza kama ng'ombe amekunywa maji na kama mvua imeshuka huko. Mama akajibu, «Amekunywa.» Alimjibu kama yuko kwenye laini.

Hajakataa romu. Amesema nikishamaliza kunakili nifanye nitakavyo, mradi kibandiko cha ndani kisiondoke.

Mpelelezi_Baridi – saa saba na robo

Nimesoma. Pole kwa mzee, na niwie radhi.

Fundi_wa_Luthuli – saa saba na dakika ishirini

Betri ya S III ninayo, haijatumika. Pita Ijumaa uichukue, ili na hilo la betri liwe kweli.

Terminali_ya_Umoja – saa saba na nusu

Weka nakala ya pili kwenye flashi na ya tatu kwa dadako Njeri kabla hujalala, usisubiri asubuhi. Kisha fungua faili kadhaa za mwanzo na za mwisho uhakikishe zinalia hadi mwisho, kwa sababu hifadhi za simu za umri huo huanza kuharibika kimyakimya. Jumamosi leta simu na msimbo Umoja, nina kompyuta ya mezani yenye ramu giga 32. Tutaijenga pamoja, na mama ataikuta tayari.