Nishiriki Meza ya Bwana huku namdai mwenzangu 640,000?

Mama Cherehani:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwaka juzi nilimdhamini dada mmoja wa kwaya yetu, akakopa kwenye kikoba. Akaleta marejesho mawili tu, akahama mji, simu haipatikani. Kikoba hakijui huruma, mdhamini unalipa. Nikauza cherehani yangu ya umeme, nikabaki na ya miguu, nikalipa shilingi 640,000.

Sasa amerudi. Anaimba sauti ya pili mbele yangu kana kwamba hakuna kilichotokea. Jumapili iliyopita tukajikuta tumepiga magoti bega kwa bega madhabahuni. Mchungaji anakuja na kikombe, mimi macho yako kwenye kitenge chake kipya nakisia bei (fundi hajizuii). Nilishiriki, lakini tangu siku hiyo moyo unanisuta. Na Mathayo 6:12 kwenye Biblia yangu haisemi makosa, inasema "Utusamehe deni zetu". Deni! Je, nimejilia hukumu?

Mzee wa Kijiweni:
Dada, dai chako. Kusamehe na kufuta deni ni vitu viwili. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuishia kuimba mapambio, aliahidi kurudisha mara nne, Luka 19:8. Huyo wako hata mara moja bado.

Mwinjilisti Mstaafu:
Mwanangu, soma Mathayo 18 taratibu, ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni na mfalme, kisha akamkaba mtumwa mwenzake aliyemdai. Wahubiri tunapenda kusema yule mtumwa wa pili alidaiwa vijisenti. Hata mimi nilisema hivyo miaka mingi, na si kweli. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo dinari 100 ni jasho la miezi mitatu na ushee. Hiyo ni cherehani yako kabisa. Yesu hakusema ulichopoteza ni kidogo. Ila yule wa kwanza alikuwa amesamehewa talanta 10,000, na talanta moja ni kama dinari 6,000. Zidisha mwenyewe: kibarua angefanya kazi zaidi ya miaka 160,000. Na mfalme hakumuuliza kwa nini anadai, alimuuliza kwa nini hakumrehemu mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake.

Kuhusu kuacha sadaka madhabahuni, Mathayo 5:23 inamsema yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Hapo wa kwanza kuinuka ni huyo dada, si wewe. Na moyo ukikusuta, 1 Yohana 3:20: Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu.

Niliyekimbia:
Mama, mimi nimewahi kuwa huyo dada. Nikimwona mdhamini wangu sokoni nilikatiza upande wa mitumba. Kanisani nilicheka na kila mtu kwa aibu tu. Ujumbe wa kuomba radhi niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, maana sikuwa na hela ya kuanzia. Halafu hicho kitenge huenda ni sare ya harusi ya watu.

Mama Cherehani:
Jamani, ni sare kweli! Wanakwaya wengine wawili walikuwa wamevaa hichohicho na sikuwaona.

Mzee wangu Mwinjilisti, asante. Nimempigia leo, nimemwambia aje Jumatano baada ya mazoezi tupange, hata 20,000 kwa mwezi. Akanyamaza weee, kisha akaniuliza kama ile cherehani ya umeme bado ninayo, ana kitambaa cha kushonesha. Kumbe hajui. Nikamwambia aje tu.