Mama yuko wiki ya tisa tangu apatwe na kiharusi: mguu umeanza kurudi, mkono bado. Naombeni ushauri

Binti_Pangani
Habari zenu wanajamvi. Mama yangu, miaka 61, alipatwa na kiharusi alfajiri alipoamka kuswali. Upande wote wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Picha ya kichwa ilionyesha damu iliyoganda imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo.

Sasa anasimama, anatembea hadi mlangoni akishika ukuta, ingawa unyayo unaburuza. Mkono hauna kitu isipokuwa vidole kujikunja. Kuongea, anatafuta neno mpaka machozi yanamtoka. Halafu cha ajabu, Alhamdu anaisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama, lakini jina langu hawezi kulitaja.

Wajomba wanasema wiki tisa ni nyingi, fizio (mazoezi ya viungo) tunamaliza hela bure, tumpeleke kijijini akachuliwe. Fizio yenyewe tunamudu mara moja kwa wiki. Huu mkono utarudi?

Fizio_Mkoani
Pole sana dada. Wiki tisa si nyingi. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo mwili hurudi kwa kasi, hadi wa 6 bado unasogea, baada ya hapo mwendo hupungua lakini haukomi. Mguu kutangulia mkono tunakuona sana. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki; sehemu nyingine zinajifunza kazi yake, na zinajifunza kwa kurudiarudia. Kwa hiyo mara moja kwa wiki ni ya kuonyeshwa tu, kazi yenyewe ni ya nyumbani, kila siku, vipindi vifupi vifupi.

Sitakudanganya, si kila mkono hurudi wote. Niambie: vidole anavikunja yeye akitaka, au vinajikunja vyenyewe? Vikijikunja vyenyewe ni misuli inakaza, mnyoosheni taratibu. Akivikunja kwa kutaka, hapo kuna njia.

Na tafadhali, mkimnyanyua msimvute mkono uliolegea, bega litachomoka. Mshikeni kiunoni. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Huko kwenye kuchuliwa naogopa nguvu na mafuta ya moto, maana upande ule huenda hausikii joto, ataungua bila kujua.

Mama_Watatu
Mdogo wangu, mimi nimemuuguza mume wangu. Kosa letu kubwa lilikuwa kumfanyia kila kitu: kumlisha, kumvisha, kumfunga vifungo. Fizio alipotukataza ndipo mkono ukaanza kutumika. Nilimpa bakuli la plastiki alishikilie kwa mkono mgonjwa huku mzima ukikoroga. Lilianguka mara ngapi sijui.

Halafu alikuwa halali usingizi, hali chakula, hataki hata kuguswa. Tukadhani ni ukaidi. Daktari akasema ni sonona, inawapata wengi baada ya kiharusi, akapewa dawa. Mazoezi yakaanza kueleweka baada ya hapo.

Lingine linaniuma hadi leo. Alipojiona mzima aliacha vidonge vya presha, nami sikumfuatilia. Kiharusi kikarudi, tukaanza upya. Hesabu vidonge vya mama wewe mwenyewe.

Mwalimu_Msambaa
Kuhusu Alhamdu: maneno ya kukariri na ya kuimba mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kutunga yanapopotea. Baba yangu alianzia kwenye kaswida. Tulianza mstari, neno la mwisho tunamwachia. Muulizeni maswali ya ndiyo au hapana, mpeni muda, msimmalizie. Na msimsemeshe kama mtoto, huenda anaelewa mengi kuliko anayoweza kusema.

Binti_Pangani
Asanteni, nimelia nikisoma. @Fizio_Mkoani, nimemwekea mkono juu ya mto nikamwambia, mama, gusisha dole gumba na kidole cha shahada. Alikunja uso kwa muda mrefu, nikataka kumwambia aache. Kikasogea, vikagusana. Nikamwomba tena, akarudia.

Wajomba wako sebuleni. Nawaita waje waone.