Naomba ushauri: nikubali mkataba wa porini Kondoa au nisubiri ajira TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania)?

Habari za kazi wakuu. Nina astashahada ya usimamizi wa wanyamapori, naishi Dodoma mjini. Mradi mmoja umeniita niwe msaidizi wa uwandani upande wa Kondoa, jirani na Pori la Akiba Swagaswaga. Mkataba wa muda mfupi, posho ndogo, bima hakuna.

Kazi yenyewe naipenda mno. Ni kupita vichakani na GPS, kuandika nyayo na vinyesi vya wanyama, na kuhudumia visiki hai. Kisiki cha mgunga kikichipua unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unayapogoa, mizizi ya zamani inamaliza kazi. Kwa ukame wetu huu, wenye msimu mmoja tu wa mvua, naona inashinda kupanda miche inayokauka kiangazi. Na Kondoa ndiko mmomonyoko ulikokithiri hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973.

Wasiwasi wangu ni umri. Nafasi za askari wa uhifadhi zina ukomo wa miaka, nikiwa porini naweza kupitwa. Mliopitia njia hii, uzoefu wa mkataba kama huu ulihesabika kwenye usaili? Na bima niidai kabla ya kusaini, au nitaonekana msumbufu?