Gia za umeme au za waya kwenye baiskeli ya mbio: nichukue ipi?

Nyota12
Wakuu, habari za leo. Niko mbioni kununua baiskeli mpya ya barabarani na nimekwama kwenye jambo moja. Modeli ninayoitaka inakuja kwa namna mbili, moja ina gia za waya na nyingine za umeme. Fremu ni ile ile, magurudumu ni yale yale. Tofauti ya bei si ndogo, ila nikijibana naifikia. Muuzaji ananishikia zote mbili hadi mwisho wa wiki. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie: hiyo nyongeza inalipa kweli, au ni mapambo?

fundi_spoku
Mkuu, umetuletea nusu ya swali. Gia za kampuni gani, daraja gani? Nyuma ni gia 11 au 12? Breki ni za diski au za rimu? Waya zinapita wapi, nje ya fremu au ndani kupitia kwenye beringi za usukani? Matengenezo unafanya mwenyewe au unapeleka kwa fundi? Usipotaja hayo, kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

UpepoWaMbele
Chukua za umeme, usiumize kichwa. Nilihama kutoka waya na sirudi. Unagusa kitufe, cheni inahama. Mvua, matope, mikono imekufa ganzi kwa baridi, yote sawa tu.

MzeeWaGia
Mimi nasema waya, na sisemi kwa sababu ya ukale. Gia ya waya naijua kuanzia kwenye shifta, kile kibonyezo cha usukani, hadi kwenye dereila, kile kifaa kinachohamisha cheni. Ikianza kusumbua njiani nashuka, nazungusha skrubu ya kukazia waya robo mzunguko, napanda tena, safari inaendelea. Waya ni kitu unachobeba kwenye kimfuko cha chini ya siti na hakina uzito wowote. Ya umeme ikikata mawasiliano ukiwa mbali na nyumbani utazungusha nini?

UpepoWaMbele
Mzee wangu, hiyo skrubu ipo kwa sababu ganda la waya hujibana na waya wenyewe hulegea. Kwenye umeme mota inasogeza dereila umbali ule ule leo, kesho na mwakani. Na ya mbele inajisogeza yenyewe kidogo kidogo kadiri cheni inavyohama nyuma, ili isikwaruze. Nani hapa anapenda kusikiliza cheni ikisaga bamba la dereila mlima mzima?

MzeeWaGia
Hujanijibu swali langu, ndugu.

BintiPedali
Ngoja nieleze yaliyonikuta na gia za waya, maana watu huzisifia kana kwamba haziharibiki.

Baiskeli yangu ilikuwa na waya zinazopita chini ya tepu ya usukani. Safari ilikuwa ya siku nzima, milima mitupu, na kundi zima lilikuwa mbele yangu. Kabla ya hapo gia za nyuma zilikuwa zimeanza uvivu: nabonyeza kupanda sproketi kubwa (gurudumu la meno la nyuma), inasita, kisha inaruka mbili kwa mpigo. Nilikuwa nimeipeleka kwa fundi wiki ile ile. Akakaza waya, akapaka mafuta, akaniambia iko safi. Katikati ya mlima mrefu kuliko yote nikabonyeza shifta, nikasikia mlio mdogo mkavu, na mkono wa shifta ukawa mwepesi kabisa, hauna kitu. Hapo hapo cheni ikashuka hadi sproketi ndogo ya mwisho. Mnajua maana yake: springi ya dereila inavuta upande huo, kwa hiyo waya ukikatika unabaki na gia nzito kuliko zote, mlimani.

Nilisukuma kwa miguu. Kwenye tambarare nikapanda nikitumia sahani ndogo ya mbele (gurudumu la meno la kwenye pedali), magoti yananililia. Nyumbani nikafunua mpira wa shifta na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Waya ulikuwa umechambuka kama ufagio wa chelewa, nyuzi zimejipinda kila upande, na kile kichwa cha mwisho wa waya kimekwama ndani kabisa ya mashine. Hakitoki kwa juu wala kwa chini. Fundi mwingine alikaa nacho mchana mzima na koleo nyembamba na sindano, anatoa uzi mmoja mmoja, na mwisho wake shifta ikawa haishiki gia tatu. Nikanunua shifta nzima. Sasa mtu akiniambia waya hauna presha namsikiliza tu, lakini mimi nilishaamua.

fundi_spoku
Pole sana dada. Hilo nimeliona mara nyingi mezani kwangu, na linauma kwa sababu dalili zilikuwepo. Gia kusita kisha kuruka mbili, wakati ganda la waya ni zima, maana yake nyuzi zimeanza kukatika mahali waya unapopinda ndani ya shifta. Kukaza hakusaidii, kunaharakisha. Waya wa gia ni wa milimita 1.2 tu na pale ndani unapinda kona kali kila unapobonyeza. Fundi makini angeuvuta nje na kuukagua. Anayeendesha sana abadilishe waya wa nyuma kabla haujaanza kulalamika.

Na yeyote anayekwama kwa namna hiyo barabarani: tafuta skrubu ndogo yenye herufi H kwenye dereila ya nyuma, ikaze. Itaisukuma dereila ndani kidogo na utapata sproketi ya pili au ya tatu kutoka mwisho. Si dawa, lakini utafika nyumbani ukiwa juu ya siti.

Ila za umeme nazo tusizipambe. Kuna mteja aliilaza baiskeli nyuma ya gari, begi likakandamiza kitufe cha shifta njia nzima, mota ikahangaika hadi betri ikaisha. Alipofika mwanzo wa safari hana gia.

UpepoWaMbele
Huyo angeiweka vizuri tu. Na betri haikatiki ghafla. Kwenye Di2, gia za umeme za Shimano, ikikaribia kuisha dereila ya mbele ndiyo inagoma kwanza, ya nyuma inaendelea kwa muda ili ufike. Hilo ni onyo la kutosha kwa mtu anayesikia.

Nyota12
Asanteni, na poleni kwa kuwaacha gizani. Zote mbili ni Shimano 105, nyuma 12, breki za diski za mafuta. Waya zinapita ndani, zinaingilia kwenye beringi za usukani. Matengenezo yangu ni kuosha, kupaka mafuta cheni na kujaza upepo, zaidi ya hapo napeleka kwa fundi. Naendesha alfajiri kabla ya kazi, na wikendi safari ndefu.

fundi_spoku
Sasa tunaongea. Ya waya hapo ni R7100, ilitoka 2023. Ya umeme ni R7150, ilitangulia 2022. Kreni (mikono ya pedali na sahani zake), kaseti (sproketi za nyuma) na cheni ni zile zile, kwa hiyo usiruhusu mtu akwambie moja ina gia nyepesi zaidi. Unachoongezea hela ni shifta, dereila mbili na betri.

Kinachonifanya niegemee umeme kwa *fremu hiyo* ni njia ya waya. Zikiingia kupitia beringi za usukani, ganda linapinda kona kali kabla halijashuka kwenye fremu, na kila kona ni msuguano unaousikia kidoleni. Kubadilisha waya wa ndani peke yake si kazi kubwa: ganda likiwa zima unachomoa wa zamani, unasukuma mpya. Ganda likichoka ndipo kilio kinaanza, maana hapo unafungua usukani, wakati mwingine na mipira ya mafuta ya breki inabidi ikatwe na kujazwa upya. Fundi atakutoza kwa saa, si kwa waya.

Kwenye ya umeme, shifta zinaongea na dereila bila waya. Betri inakaa ndani ya nguzo ya siti, na nyuzi mbili za umeme zinatoka hapo kwenda dereila ya mbele na ya nyuma. Mbele kwenye usukani unabaki na mipira ya breki tu.

MzeeWaGia
Kwa hiyo kosa ni la anayechora fremu, si la waya. Waya ukipita nje ya fremu, kwa njia iliyonyooka, hii mada isingekuwepo. Tumeficha waya ili baiskeli ipendeze pichani, sasa tunanunua mota kutibu maradhi tuliyojitafutia wenyewe.

fundi_spoku
Hapo Mzee nakuunga mkono mia kwa mia. Lakini yeye ananunua fremu iliyopo dukani.

CheniKavu
Hakuna aliyetaja udukuzi? Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California San Diego na wa Northeastern walionyesha kwamba ishara za Di2 zisizo na waya zinaweza kurekodiwa na kurushwa tena, na gia ikabadilika bila mwenye baiskeli kugusa kitu. Walifanya hivyo kutoka umbali wa mita 10 hivi, kwa vifaa vya kawaida. Baiskeli yangu ihamishwe gia na mtu mwingine? Hapana.

UpepoWaMbele
Umeisoma nusu, mkuu. Shimano walishirikiana na hao watafiti na wakatoa sasisho la programu kuziba hilo tundu. Unasasisha kwa simu. Halafu nani aamke alfajiri ajifiche kichakani amvizie Nyota12 ambadilishie gia? Hilo ni la mashindano ya kulipwa, ambako kuna mtu anafaidika.

CheniKavu
Suala si nani. Suala ni kwamba sasa baiskeli inahitaji sasisho. Kompyuta na simu zimeshatuchosha kwa masasisho, leo na dereila? Na siku kampuni ikiacha kushughulikia toleo lako?

MzeeWaGia
Swali zuri hilo. Mavic walileta gia za umeme, Zap, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakarudi na Mektronic isiyo na waya 1999. Leo nani anakutengenezea hizo? Dereila ya waya ya enzi hizo ninayo, inafanya kazi hadi leo.

UpepoWaMbele
Hizo zilikuwa za majaribio na maji yalikuwa yanazisumbua. Dura-Ace Di2, daraja la juu kabisa la Shimano, ilitoka 2009 na zipo za umri huo ambazo bado ziko barabarani. Na kumbuka, Dura-Ace na Ultegra inayoifuata, za gia 12, hazina toleo la waya kabisa. Kwa Shimano, 105 ndiyo ngazi ya juu iliyobaki kwa mpenda waya wa barabarani mwenye gia 12. Ukitaka kupanda daraja baadaye, kwa waya huna pa kwenda.

BintiPedali
Nyota12, chaji isikutishe. Shimano wanasema kama kilomita 1,000 kwa chaji moja. Ukiendesha milima mingi itapungua, lakini hata ikiwa nusu yake, hiyo si kazi ya kila siku. Tundu la chaji liko kwenye dereila ya nyuma. Shifta zina betri ndogo za duara, CR1632, hizo zinakaa miaka. Jiwekee utaratibu wa kuchaji unapoosha baiskeli.

Nyota12
Nawasoma wote. Niongeze kitu ambacho sikudhani kina uhusiano: kifundo cha mkono wangu wa kushoto kiliwahi kuvunjika na hakijarudi sawa. Kwenye baiskeli niliyonayo sasa kupandisha sahani kubwa ya mbele kunaniuma, hasa mwisho wa safari, kwa hiyo mara nyingi naiacha kwenye ndogo.

fundi_spoku
Ndugu yangu! Hilo ndilo lingekuwa la kwanza kabisa.

Kupandisha cheni kwenye sahani kubwa kwa waya ni kusukuma mkono wa shifta kwa kidole, mwendo mrefu, huku kifundo kimekaza, ukipambana na springi ya dereila. Kwa umeme ni kitufe. Nguvu anatoa mota. Zaidi ya hapo, kwenye programu ya simu unaweza kuwasha mfumo ambao dereila ya mbele inajihamisha yenyewe wakati wewe unabonyeza shifta ya kulia tu. Mkono wa kushoto utabaki na breki.

UpepoWaMbele
Au aangalie na Rival AXS, gia za umeme za kampuni ya SRAM. Kulia inafanya gia nzito, kushoto nyepesi, zote mbili kwa pamoja inahamisha mbele. Kila dereila ina betri yake unayoichomoa kwa mkono, na zinabadilishana: ya nyuma ikiisha unachukua ya mbele unaweka nyuma.

CheniKavu
Kwa mkono mbovu nakubali, achukue umeme. Kwa mtu mzima wa mikono yote msimamo wangu uko pale pale.

MzeeWaGia
Kwa kifundo hicho hata sahani moja tu ya mbele ingemfaa, na waya wake. Shifta ya kushoto inabaki na breki peke yake, kazi imekwisha.

UpepoWaMbele
Sahani moja kwenye mwendo wa kundi? Mapengo kati ya gia yatamkera. Ukiwa umezoea mzunguko fulani wa miguu, ile gia unayoitaka ndiyo haipo.

MzeeWaGia
Nimeendesha hivyo muda mrefu na kundi sijaliachia.

Nyota12
Wakuu, nimerudi kutoka dukani. Nimejaribu ya umeme na mkono umefurahi kweli. Tatizo jipya: iliyobaki ya umeme ni saizi 54. Ya waya ipo 52, na 52 ndiyo ninayoendesha siku zote. Muuzaji anasema atafunga stemu fupi (kile kipande kinachoshika usukani), itakaa sawa. Ya umeme 52 akiiagiza hajui itafika lini.

BintiPedali
Usinunue saizi isiyo yako kwa sababu ya gia. Gia hubadilishwa, fremu hapana.

UpepoWaMbele
54 na stemu fupi watu wengi wanaendesha bila shida. Na namba za saizi hazifanani kati ya kampuni na kampuni. 52 yako ya sasa ni ya nani?

fundi_spoku
Hapo ndipo tuanzie. Namba ya kwenye fremu haituambii kitu. Lete urefu wa ndani wa mguu bila viatu, kutoka sakafuni hadi kwenye kinena, kitabu kikiwa kimebana juu kabisa. Pima pia kwenye baiskeli yako ya sasa kutoka ncha ya siti hadi katikati ya usukani, na kutoka katikati ya kreni hadi juu ya siti. Mwambie muuzaji akupe vipimo hivyo hivyo vya ile 54. Na kama kifundo kinauma, uangalie zaidi kimo cha usukani: ukikaa chini sana uzito wote unaangukia mikononi, na hapo hakuna shifta itakayokusaidia.

MzeeWaGia
Na stemu iliyopo sasa ni ya milimita ngapi?